Kiatu, Bitana na Pedi: Historia Fupi ya Majina ya Breki za Mbele

Makala haya yanahusu sehemu ndogo ya gari, nene kiasi cha upana wa kidole, ambayo fundi huibadilisha kwa muda wa saa moja hivi. Tumeichagua kwa sababu jina lake bado linayumba katika maandishi yetu, na kwa sababu kuyumba huko kunaweza kumgharimu mtu maisha. Katika Kiswahili cha kila siku neno “breki” limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Dereva hukanyaga breki, fundi hufungua breki, mwenye duka huuza breki, na polisi huandika kwamba breki zilifeli. Katika mifano hiyo minne neno ni moja, lakini vitu vinavyotajwa ni vinne: pedali, chombo kizima cha gurudumuni, kipande kinachosuguliwa, na mfumo wote. Tukitaka kujua jinsi ya kuyatenganisha mambo hayo, inafaa tuanze na historia.

Neno lilivyoingia

Safari ya kwanza ya motokaa kulivuka bara la Afrika ilianzia nchini mwetu. Afisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam mwezi Agosti, 1907, akafika Swakopmund mwezi Mei, 1909. Hata hivyo, Wajerumani hawakutuachia jina la chombo cha kusimamishia gari. Walituachia shule na hela. Magari yalipoanza kuenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala ulikuwa wa Waingereza, na majina ya vipuri yakaja kwa njia ya Kiingereza: breki, gia, spana, jeki, betri, springi.

Si kila jina lililokopwa wakati ule. Gari lenyewe lilikwisha kupata jina kutoka Bara Hindi. Usukani ulitoka baharini: manahodha waliutumia kugeuzia jahazi karne nyingi kabla motokaa haijabuniwa, na dereva alipopata gurudumu la kugeuzia gari, watu waliona kazi ni ile ile, wakalipa jina lile lile. Mfano huu unatufundisha kanuni ya kwanza ya kazi yetu: pale ambapo kazi ya kitu kipya inafanana na kazi ya kitu cha zamani, jina la zamani hukubalika bila kulazimishwa.

Kwa breki hakukuwa na urithi wa namna hiyo. Jahazi husimama kwa kutua tanga na kutia nanga, na nanga si breki. Neno la Kiingereza likapokewa, likapata irabu ya mwisho, likaingia katika ngeli yake, na tangu hapo ni neno la Kiswahili kama mengine. Halina haja ya kuondolewa. Linalohitajika ni kulizalishia majina ya sehemu zake.

Enzi ya dramu

Breki za magari ya kwanza yaliyotumika sana katika barabara zetu zilikuwa za aina moja. Ndani ya gurudumu palikuwa na kitu cha mviringo kilicho wazi ndani, na ndani yake vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga. Dereva akikanyaga pedali, vipande hivyo hupanuka, vikasugua ukuta wa ndani wa mviringo ule. Breki ya namna hiyo inahusishwa na Louis Renault wa Ufaransa, mwaka 1902. Land Rover za mkondo wa kwanza hadi wa tatu, ambazo zilitumiwa na maofisa wa wilaya, mabwana shamba na wamishonari, zilikuwa nazo katika magurudumu yote manne.

Kiingereza huita vipande vile vilivyopinda viatu. Kutafsiri neno kwa neno ni jambo la kuangaliwa, kwa kuwa msomaji aonaye “kiatu cha breki” kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni kiatu cha dereva au ni pedali anayoikanyaga. Lakini umbo lenyewe linasaidia: kipande kimepinda kama wayo, na juu yake kimebandikwa ngozi ya kusuguliwa. Atakayekiona mara moja hatakisahau. Kwa hiyo tunaona “kiatu cha breki” ni istilahi ya kutunzwa.

Ile ngozi ya kusuguliwa ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Mwaka 1897 Herbert Frood, huko Derbyshire, Uingereza, katika nchi ya vilima, alianza kutafuta kitu bora kuliko mbao cha kusugulia magurudumu ya mikokoteni ya farasi iliyokuwa ikiteremka. Kutokana na kazi yake kilizaliwa kiwanda cha Ferodo, chenye jina lililotokana na lake. Baadaye asbesto ilichanganywa katika vipande hivyo kwa kuwa huvumilia joto, ikaendelea kutumika kwa miongo mingi hata madhara yake kwa mapafu yalipokwisha kujulikana. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Mpaka leo fundi hushauriwa asipulize vumbi la breki kwa hewa wala kwa mdomo, bali alifute kwa kitambaa kibichi.

Kiingereza kiliichukulia ngozi hiyo kuwa ni kitambaa cha ndani cha vazi. Sisi tunalo jina la kitambaa hicho, tena la zamani: bitana. Kila fundi cherehani analijua. Tunapendekeza “bitana ya breki” kwa kile kinachobandikwa juu ya kiatu. Neno lipo, maana yake ni karibu, na halina mgongano.

Kuhusu mviringo wenyewe, wafasiri wamesitasita kati ya ngoma, pipa na dramu. Ngoma ni tafsiri ya neno la Kiingereza, wala si ya kitu, kwa maana hapana kinachopigwa humo. Pipa linaleta fikira ya kuhifadhi kitu. Tunaona “dramu” iachwe kama ilivyo.

Enzi ya diski

Breki ya aina ya pili ni ya zamani kuliko wengi wadhanivyo. Frederick Lanchester wa Birmingham aliipatia hataza mwaka 1902. Lakini ilikaa nusu karne kabla ya kupata nguvu. Mwaka 1953 Jaguar zilizofungwa breki za diski zilishinda mashindano ya Le Mans, na mwaka 1955 kampuni ya Citroën ilitoa gari la DS lenye diski magurudumu ya mbele. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kupendwa sana Afrika Mashariki, ilikuwa na diski mbele. Tanzania iliporuhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni mwaka 1984, mlango ulianza kufunguka, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika kutoka Japani yakaja kwa wingi. Karibu yote yalikuwa na diski mbele.

Kwa nini mbele? Gari linaposimama, uzito wake huegemea mbele, na breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, mara nyingi theluthi mbili au zaidi. Pia kuna habari ya joto. Dramu ikipata moto hutanuka na kukikimbia kiatu, hivyo pedali huzidi kwenda chini. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea vipande vinavyoibana, na iko wazi kwa upepo.

Vipande hivyo vinavyoibana diski, kimoja kila upande, ndivyo mafundi wetu wanavyoviita pedi. Jina hili halikupitishwa na kikao chochote. Lilikuja pamoja na kisanduku cha kipuri.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza inayotolewa ni kwamba “pedi” kwa watu wengi ni taulo za kike, na kwamba neno moja lisibebe mambo mawili. Sisi hatuoni hatari hapo. Istilahi hutumika katika uwanja wake, na hapana duka la vipuri ambamo mteja ataelewa visivyo. Katika maandishi rasmi iandikwe “pedi ya breki” mara ya kwanza, kisha “pedi” peke yake.

Pingamizi ya pili ni kwamba yafaa kuunda neno letu. Limewahi kufikiriwa “kibano”, lakini kinachobana ni kalipa, yaani mkono wa chuma unaoikumbatia diski; pedi ndiyo inayobanwa. Limefikiriwa pia “kisuguo”, kutoka katika kusugua. Neno hili ni zuri, lakini linaingiza bitana na pedi katika kapu moja. Laweza kufaa kuwa jina la jumla la vyote viwili. Haliwezi kuchukua nafasi ya yoyote kati yake.

Babati na thamani ya jina

Mji wa Babati unafaa kuwa mfano wa jambo hili. Upo katika njia panda: kaskazini ni Arusha, magharibi ni Katesh na Singida, kusini ni Kondoa na Dodoma. Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyonuiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, hupita hapo. Mwezi Aprili, 2018, Rais John Magufuli alizindua barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati. Mji umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002. Umezungukwa na milima, na ukingo wa Bonde la Ufa hauko mbali; magari yatokayo Mbulu yakiwa na shehena hayana budi kuteremka ukingo huo.

Kwa dereva wa miteremko ile, kauli mbili zinazofanana masikioni zina maana tofauti kabisa. “Breki zimeisha” kwa fundi ni kwamba pedi au bitana zimekwisha kulika, na dawa yake ni kipuri kipya. “Breki zimefeli” ni kwamba gari halisimami. Mwenye gari aambiwaye kauli ya kwanza akaichukua kuwa ni usemi wa jumla, ataahirisha matengenezo hadi apate ya pili. Angeambiwa “pedi zimebaki milimita mbili”, angejua la kufanya.

Kauli ya pili nayo ina kasoro katika taarifa za ajali. “Kufeli breki” hakutaji sababu. Pengine pedi zililika hadi chuma. Pengine mafuta ya breki yalichemka: mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yapaswa kuvumilia nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Pengine mzigo ulizidi, au dereva aliteremka kwa gia kubwa. Kila sababu ina mwenye kuwajibika wake. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakimu asomaye “breki zilifeli” hana la kupima. Akisoma “pedi za mbele kulia zilikuwa zimelika kabisa na diski imechimbika”, anayo hoja ya kuuliza nani alilikagua gari, na lini.

Kazi yenyewe kwa istilahi hizi

Njia nzuri ya kuyajaribu majina ni kuyatumia katika maagizo. Tunatoa mfano ufuatao, ambao walimu wa ufundi na wafasiri wanaweza kuurekebisha.

Chagua pedi kwa kulinganisha na za zamani umbo, unene na mahali pa pini, na kwa kufuata namba ya gari. Herufi mbili zilizopigwa ukingoni huonyesha kiasi cha msuguano: FF ni wa wastani, GG ni wa juu zaidi. Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwani upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari litavuta.

Tia kabari magurudumu ya nyuma. Legeza nati gari likiwa chini, kisha liinue kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi. Ondoa gurudumu. Fungua bolti ya kalipa, uinue, uitundike kwa waya; isining'inie kwa mpira wa breki. Toa pedi za zamani. Pima diski, na kama imepungua chini ya kipimo kilichoandikwa juu yake, ibadilishwe. Rudisha pistoni ndani polepole huku ukiangalia mafuta ya breki yasifurike. Safisha pini na uzipake grisi yake. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Weka pedi mpya, rudisha kalipa, kaza bolti kwa kipimo cha mtengenezaji. Kisha, kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Atakayesahau hili atakuta pedali inazama hadi sakafuni mara ya kwanza anapotaka kusimama.

Katika maagizo hayo neno “breki” peke yake halikutumika hata mara moja kumaanisha kipuri, na hapana mahali ambapo msomaji anabaki kukisia ni kitu gani kinachotajwa. Hicho ndicho kipimo tunachoomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wakitumie. Kiatu na bitana vibaki kwa dramu. Pedi na kalipa vibaki kwa diski. Na “breki” libaki kuwa jina la mfumo mzima. Mafundi wamekwisha kufanya nusu ya kazi kwa kulipokea neno pedi. Nusu iliyobaki ni ya sisi tunaoandika: kulitumia neno hilo katika vitabu vya madereva, katika mitihani ya ufundi na katika taarifa za ajali, bila kurudi kwenye neno la jumla kwa sababu ya uvivu.