Mwezi Katika Nge

Wazee wa mwambao hawakuutazama mwezi kwa ajili ya mfungo na bamvua tu. Mwenye harusi au safari alimwendea kwanza mwalimu wa falaki amtazamie: mwezi umo katika Nge? Ukiwamo, jambo liliahirishwa siku mbili tatu.

Tarehe haikutosha kumjulisha mtu. Mwezi huandama kila baada ya siku 29 na nusu, lakini huzipitia nyota za buruji zote kwa siku 27 na theluthi. Hivyo siku za Nge hazikai tarehe moja. Hapo ndipo ilipokuwa heshima ya mwalimu, na ujira wake pia.

Nyota hiyohiyo ya Akrabu iliyomwogofya bwana harusi iliwatajia manahodha wa Kiarabu upande wa kusini-mashariki katika dira yao.