Kumjaribu Mungu

Kumjaribu Mungu, katika mafundisho ya Kikristo, ni kumtaka athibitishe uwepo wake kwa masharti ya mwanadamu, au kuuchezea uvumilivu wake. Kisa cha msingi kimo katika Kutoka 17. Waisraeli walipiga kambi Refidimu, mahali pasipo na maji. Wakamjia juu Musa hata akahofia kupigwa mawe. Alipoupiga mwamba kwa fimbo, maji yakatoka, na mahali pakaitwa Masa na Meriba. Kiu ilikuwa ya kweli. Kosa lao lilikuwa kuhoji kama Bwana yu kati yao, ilhali walikwisha kuvushwa bahari na kulishwa mana. Zaburi 95 na Waebrania 3 zinakirudia kisa hicho kama onyo, na wanaoonywa ni waumini wenyewe, si wapagani.

Kupuuza wajibu nako ni kumjaribu Mungu. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliona kwamba anayeacha kufanya analoliweza akingoja msaada wa Mungu tu, anamjaribu. Hata hivyo, Malaki 3 ina mwaliko wa ajabu: Mungu mwenyewe anawataka waliozuia zaka wazilete ghalani, wamjaribu kwa njia hiyo.