Namba 28 na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Mwaka 1766 mwalimu wa Kijerumani aitwaye Johann Daniel Titius alikuwa akitafsiri kitabu cha Charles Bonnet kuhusu maumbile. Ndani ya tafsiri hiyo alichomeka maneno yake mwenyewe juu ya umbali wa sayari kutoka kwenye Jua.

Hesabu yake hata mtoto wa shule ataifuata. Andika 0, kisha 3, halafu zidisha kwa mbili kila mara: 6, 12, 24, 48, 96. Kila namba iongezee 4. Utapata 4, 7, 10, 16, 28, 52 na 100. Sasa umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua uhesabu kuwa 10. Kwa kipimo hicho Utaridi ina karibu 4, Zuhura 7, Mirihi 15, Mshtarii 52 na Zohali 95. Namba 28 peke yake haikuwa na sayari.

Mwaka 1772 kijana mtaalamu wa nyota, Johann Elert Bode, aliichukua hesabu hiyo na kuuliza: je, Muumba angeiacha nafasi hiyo tupu? Akajijibu kwamba haiwezekani.

Mwanzoni mambo yalimwendea vizuri. Mwaka 1781 William Herschel, akiwa Uingereza, aliigundua Uranus. Hesabu ilidai 196, nayo ikakutwa kwenye 192. Kisha tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, padre Giuseppe Piazzi aliona kwa darubini nukta ndogo ambayo usiku uliofuata ilikuwa imesogea. Aliitangaza kuwa nyota yenye mkia, ingawa moyoni alihisi huenda ni kitu bora zaidi. Ilikuwa Ceres, na umbali wake ni 27.7. Wengi waliona kwamba nafasi imejazwa.

Lakini mwaka 1802 kikaonekana kitu kingine, Pallas, karibu na umbali uleule, na baadaye vingine vingi. Ceres yenyewe ni ndogo kuliko Mwezi wetu. Pale palipotarajiwa sayari moja kubwa, palikuwa na mawe yasiyohesabika. Mwaka 1846 Neptune ikagunduliwa. Hesabu ilitaka 388; ikakutwa kwenye 301. Kanuni ikaanguka.

Wapendwa, Bode hakukosea kutafuta utaratibu katika uumbaji. Sisi nasi tunaamini kwamba Mungu si wa machafuko. Alikosea pale alipochukua hesabu ya wanadamu na kumwekea nayo Mungu masharti. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Bwana anamuuliza mtumishi wake alikuwa wapi vipimo vya dunia vilipowekwa. Ayubu hana la kujibu.

Hata leo wapo wanaojumlisha namba za Maandiko na kututajia mwaka wa mwisho wa dunia. Mwaka ukipita, wengine huiacha hesabu, na wengine, kwa huzuni, huiacha imani. Aliyeiegemeza imani yake kwenye namba huanguka pamoja nayo.

Tujifunze kwa padre wa Palermo. Alitazama kwa uvumilivu, akaandika alichokiona, na hakusema zaidi ya alichokijua. Neptune ilipokataa kukaa kwenye 388, kilichopungua ni kanuni ya watu. Utukufu wa Muumba haukupungua hata kidogo.