Uso Unasema London, Tumbo Linasema Geneva

Saa za Uswisi, zile ambazo bei yake inanunua gari, zimejengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wakimbizi. Wengi wetu humu kambini hatukuwahi kuambiwa hivyo. Tunaziona kwenye mikono ya mabosi na wanamuziki wa Kinshasa, tunadhani zimetoka kwa watu ambao hawajawahi kufunga mizigo usiku na kuvuka mpaka. Mimi ni fundi saa tangu ujana wangu Uvira, na hapa bado nina meza yangu ndogo: saa, redio, simu, chochote kinachokuja. Watu wananiletea saa na swali lile lile: "Fundi, hii iko orijino ao ni feki?" Jibu fupi halipo. Jibu refu ni historia.

Tuanze Geneva, karne ya 16. Mji ulikuwa chini ya mafundisho ya Jean Calvin, ambaye yeye mwenyewe ni Mfaransa aliyekimbia kwao kwa sababu ya dini. Mapambo ya dhahabu yalibanwa sana, masonara wakakosa wateja. Lakini saa haikuhesabiwa kuwa pambo, ilikuwa kifaa cha kazi. Basi masonara wa mji wakakutana na Waprotestanti waliokuwa wanaingia kutoka Ufaransa na ujuzi wa saa mikononi. Mwaka 1601 mafundi saa wa Geneva wakawa na chama chao chenye kanuni. Kisha mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 akafuta Amri ya Nantes ya 1598, iliyokuwa inawalinda Waprotestanti wa Ufaransa. Watu wapatao 200,000 waliondoka. Wengine walikwenda Uholanzi, wengine London, wengine Uswisi. Ufaransa ilipoteza mafundi, na waliowapokea wakapata kiwanda. Ndugu zetu wa mashirika, hilo mnaweza kulitia kwenye ripoti.

Ila tusijisifu peke yake. Geneva hiyo hiyo ndiyo iliyotoa feki pia.

Katika karne ya 18 saa zilizosifiwa kuliko zote zilikuwa za London. Sheria ya Uingereza ilikuwa imeshataka fundi aandike jina lake na mji wake kwenye saa, kwa hiyo neno "London" likawa na bei yake lenyewe. Pale jina linapopata bei, jina linaibiwa. Karakana za bara la Ulaya, nyingi za upande wa Geneva, zikaanza kutoa saa za bei nafuu zenye majina ya Kiingereza, mengine ya watu ambao hawakuwahi kuwepo, na chini yake "London". Wakusanyaji wa leo wanaziita feki za Kiholanzi, kwa sababu nyuso zake zilifuata mtindo wa Uholanzi, duara la dakika limechorwa kama matao.

Fundi alizijuaje? Alifungua. Ndani ya saa kuna gurudumu linalocheza huku na huku, ndilo roho ya saa, na juu yake kuna kipande cha chuma kinachoizuia isitoke. Waingereza walikifunga kipande hicho kwa mguu mmoja. Mafundi wa bara walikifunga kwa miguu miwili, kama daraja. Uso unasema London, tumbo linasema Geneva. Mwigaji alikuwa amenakili kile mteja anachokiona, akasahau mazoea ya mikono yake mwenyewe.

Abraham-Louis Breguet alilijua tatizo hili vizuri kuliko wengi. Alizaliwa Neuchâtel mwaka 1747, akajipatia jina Paris, akawauzia wafalme. Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, mwaka 1793 ikabidi akimbilie Uswisi. Aliporudi mwaka 1795 alikuta saa za uongo zenye jina lake zimejaa. Akabuni sahihi ya siri: jina lake limechorwa juu ya uso wa saa kwa herufi ndogo sana, karibu na namba 12, halionekani mpaka uinamishe saa mwanga uipige upande. Ilisaidia. Lakini siri ikishajulikana kwa kila mtu, si siri tena, na mwenye kuiga naye anajifunza kuichora. Ndiyo hadithi ya kila alama tangu siku ile. Mwaka 1886 jimbo la Geneva likaanzisha muhuri wake, ukapigwa ndani, kwenye mashine yenyewe. Ule pia umeigwa.

Hata jina Patek ni la mkimbizi. Antoni Patek alipigana katika uasi wa Wapolandi dhidi ya Urusi mwaka 1830 na 1831. Walishindwa, akakimbia, na mwaka 1839 akafungua biashara ya saa Geneva pamoja na Czapek, mwenzake wa uhamishoni. Leo saa yenye jina lake ni kati ya zinazoigwa zaidi duniani.

Sasa turudi mezani kwangu. Vijana wana vipimo vyao. Cha kwanza: "Orijino mshale wa sekunde unateleza, feki unaruka." Kuna ukweli kidogo. Saa nyingi za kisasa zinazotumia springi hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kila sekunde, na jicho linaona kama mshale unateleza. Saa ya betri hupiga mara moja kila sekunde. Lakini kampuni ya Rolex yenyewe ilianza kuuza saa za betri zinazoitwa Oysterquartz mwaka 1977. Ni za kweli kabisa, na mshale unaruka. Upande mwingine, feki za siku hizi zimewekwa mashine za springi za bei rahisi kutoka Asia. Zinateleza vizuri tu.

Cha pili: uzito. Zamani feki ilikuwa nyepesi kama mfuniko wa soda. Leo nayo ni ya chuma kizito. Cha tatu: namba na karatasi. Feki inakuja na boksi lake na kadi yake, na namba moja inaweza kurudiwa kwenye mamia ya saa. Halafu kuna zile zinazochosha fundi kuliko zote: kasha la kweli, ndani mashine ya kuazima. Hapo ukiuliza "kweli au feki?" utajibiwa nini?

Mimi sitazami kitu kimoja. Nafungua mfuniko, natia lenzi jichoni, nauliza kama vitu vinakubaliana. Namba ya mashine inalingana na aina ya saa iliyoandikwa usoni? Kingo za vyuma zimelainishwa hata pale mteja hawezi kuona? Uchakavu wa nje na wa ndani una umri mmoja? Vichwa vya skrubu vimetafunwa na bisibisi? Dalili moja inaweza kununuliwa. Dalili kumi zinazokubaliana ni ghali sana kuzinunua.

Mwaka jana mama mmoja jirani aliniletea saa ya marehemu mume wake, Omega ya betri. Mchuuzi alikuwa ameitazama mshale, akasema, "Mama, inaruka, ni feki," akamtajia bei ya sukari kilo mbili. Nilifungua mbele yake. Jina la kiwanda na namba ya mashine vilikuwa vimechorwa safi, na ndani ya mfuniko kulikuwa na mikwaruzo mitatu midogo ya sindano. Ni desturi ya mafundi: ukifungua saa unaacha alama na tarehe. Moja ilisomeka 88. Nikamuuliza, kabla sijamwonyesha, kama saa iliwahi kutengenezwa. Akasema, "Ndiyo baba, Bujumbura, mwaka mtoto wangu wa kwanza alizaliwa." Mtoto amezaliwa 1988. Mama hakujua kama tarehe ile imeandikwa mle ndani. Mchuuzi hakufungua, wala hakuuliza.

Nalileta hili kwa sababu kila mmoja wetu humu amewahi kuwekwa mezani kama saa. Unakaa mbele ya ofisa na mkalimani, unaulizwa jina la chifu, jina la mto, siku ya soko. Maswali ni ya haki, maana waongo wapo, na wanaouza majibu pia wapo, tunawafahamu. Lakini hapo ndipo penye shida: feki ndiyo inayojua vizuri zaidi alama zinazojulikana, hiyo ndiyo kazi yake. Aliyenunua majibu atataja chifu bila kusita. Msichana aliyekimbia akiwa na miaka sita, amebebwa mgongoni na shangazi, hatamtaja. Mshale wake unaruka. Basi ninyi mnaouliza, fungueni mfuniko. Ulizeni vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviuza, mtazame kama vinakubaliana.

Na sisi tunaoulizwa, kuna somo letu pia. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, yatima aliyezaliwa Ujerumani na kuanzia biashara London mwaka 1905, alikubali kuwatumia saa wafungwa wa kivita wa Kiingereza waliokuwa kwenye kambi za Wajerumani. Aliwaambia walipe vita vikiisha. Mmoja wao, Clive Nutting, alikuwa fundi viatu ndani ya kambi ya Stalag Luft III. Mwaka 1943 aliandika barua kuomba saa, na ikamfikia mle mle kambini mwaka huo huo. Alilipa baada ya vita, na barua alizitunza. Saa hiyo ilipouzwa mnadani mwaka 2007 ilipanda bei sana, kwa sababu ilikuja na barua zake.

Kwa hiyo tunzeni vikaratasi: risiti, barua, kadi ya zahanati, picha yenye tarehe nyuma. Na ukitaka kuuza saa ya baba yako, usikubali bei kabla mfuniko haujafunguliwa mbele ya macho yako. Meza yangu iko wazi, na kufungua tu silipishi.