Matunda ya Wazo, na Wale Wanaoyaonja



Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) viliangamiza watu zaidi ya 600,000. Kila upande ulikwenda vitani ukiwa na hakika kamili kwamba haki ni yake. Kijana mmoja wa Boston, Oliver Wendell Holmes, alijeruhiwa humo mara 3, akarudi nyumbani akizishuku hakika zinazowafanya watu wauane. Mnamo mwaka 1872 yeye na rafiki zake, miongoni mwao Charles Peirce na William James, walikuwa wakikutana mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, kujadili falsafa. Katika mazungumzo hayo ndimo ulimochipuka upragmatisti, yaani fundisho kwamba maana ya wazo hujulikana kwa matokeo yake katika maisha, na kwamba mwanadamu, kwa vile hukosea, hana budi kuwa tayari kusahihishwa.

Fundisho hilo liliingiaje katika siasa? Waliberali wengi wa karne ya 19 walidhani kwamba uhuru ni kuachwa tu bila kuingiliwa na serikali. John Dewey alifika Chicago mwaka 1894, wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli. Huko alishirikiana na Jane Addams, ambaye pamoja na Ellen Gates Starr alikuwa amefungua Hull House mwaka 1889, nyumba ya huduma na mafunzo katikati ya wahamiaji maskini. Dewey aliupima uhuru kwa matokeo yake: je, mfanyakazi asiye na elimu wala akiba, ambaye akikataa mshahara duni atalala njaa, yu huru kweli? Katika kitabu chake cha mwaka 1935, Liberalism and Social Action, alifundisha kwamba jamii inayopenda uhuru yapaswa kuwapatia watu wake njia za kuutumia.

Holmes naye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1919 mahakama hiyo ilithibitisha adhabu ya wahamiaji kadhaa waliosambaza vikaratasi vya kupinga majeshi ya Marekani kupelekwa Urusi. Holmes alipinga hukumu hiyo, akisema kwamba mawazo yaachwe yashindane, maana hata yale tunayoyashikilia kwa nguvu huenda yakaonekana kesho kuwa na kosa. Hoja yake imekuwa nguzo mojawapo ya uhuru wa kusema.

Lakini mwaka 1927 jaji huyohuyo aliandika hukumu nyingine. Carrie Buck, msichana maskini wa Virginia, alikuwa amebakwa akapata mimba. Wakubwa wakamtangaza kuwa mpungufu wa akili. Mahakama iliruhusu akatwe uzazi kwa nguvu, kwa faida ya jamii. Majaji 8 walikubali. Mmoja tu alikataa, Pierce Butler, mkatoliki, naye hakuandika sababu zake. Miaka 3 baadaye Papa Pius XI, katika barua Casti Connubii, alifundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya mwili wa mtu asiye na hatia.

Tazama basi hatari ilipo. Kupima wazo kwa matunda ni jambo jema, lakini ni nani aliyeulizwa juu ya ladha ya matunda hayo? Wataalamu waliulizwa, Carrie hakusikilizwa. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika mwaka huohuo wa 1927 Dewey alichapa The Public and Its Problems, akimjibu mwandishi Walter Lippmann, aliyeona kwamba mambo ya umma yanawashinda raia wa kawaida, na kwamba afadhali yaongozwe na wajuzi. Dewey alikubali kwamba fundi ndiye ajuaye kutengeneza, lakini akashikilia kwamba anayeumia ndiye ajuaye panapouma. Kwa hiyo wajuzi wasiowasikiliza watu hugeuka tabaka la kujitafutia.

Jibu hilo lina nguvu, ila laacha swali moja. Kama wote wangeulizwa, na wengi wakakubali kwamba Carrie akatwe uzazi, je, lingekuwa haki? Wingi wa kura hauwezi kumpa mtu hadhi yake, wala kumnyang'anya. Tuulizapo katika mikutano yetu kama mradi fulani umefaulu, na tuulize pia umefaulu kwa nani, na ni nani ambaye hakuwepo tulipokata shauri.