Nafasi ya majina

Nafasi ya majina ni mpango unaohakikisha jina moja halielekezi kwenye vitu viwili. Kwa mfano, Kasulu, mkoani Kigoma, ina halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Kwenye intaneti zinatofautishwa na herufi moja tu: kasuludc.go.tz na kasulutc.go.tz. Jirani yao ni kibondodc.go.tz. Majina haya hupangwa kutoka kulia: tz ni nchi, go ni serikali. Njia ya faili katika mfumo endeshi wa Unix, kinyume chake, huanzia kushoto, kwenye mzizi: /kigoma/kasulu/mji. Katika sheli, programu inayopokea amri, cd hukuingiza humo na ls huorodhesha yaliyomo. Plan 9, mfumo endeshi wa maabara ya Bell Labs uliofika vyuo vikuu mwaka 1992, ulivuka hapo kwa ustadi wa kupendeza: kila mchakato hujipangia nafasi yake, na faili za seva ya mbali husomeka kama za papo hapo.