Fahamu: Udongo wa polima na sanamu zenye viungo vya kuvuliwa

Tukitaja sanamu za udongo, wengi wetu hufikiria udongo wa mfinyanzi, unaochimbwa bondeni na kuchomwa kwa kuni. Leo tunaeleza udongo wa aina nyingine, unaoitwa udongo wa polima.

Ni udongo gani huu?
Hautoki ardhini. Ni plastiki ya PVC, jamii ya ile ya mabomba ya maji, iliyochanganywa na kilainishi na rangi. Hukazwa kwa joto dogo la oveni. Huko Ujerumani, Fifi Rehbinder, binti wa mtengenezaji wanasesere Käthe Kruse, alibuni aina iliyokuja kuuzwa kwa jina la Fimo miaka ya 1960.

Kwa nini viungo vya kuvuliwa?
Sanamu ya kipande kimoja ikianguka na kuvunjika mkono, kazi yote imeharibika. Mkono ukiwa kipande cha peke yake, unabadilisha huo tu. Udongo huu hausinyai sana kama wa mfinyanzi, na unaweza kuokwa zaidi ya mara moja, hivyo vipande hukaa sawasawa.

Hatua, tukichukua mfano wa kofia
1. Finyanga mwili kwanza juu ya waya au foili iliyokunjwa, kisha oka.
2. Ukishapoa, paka poda ya talki kichwani. Poda huzuia udongo mbichi kushikana na uliookwa.
3. Finyanga kofia hapohapo kichwani. Chini iwe pana kuliko juu, la sivyo itakwama. Oka tena, acha ipoe, ivue polepole.
4. Ukitaka kutumia sumaku, acha tundu. Ibandike kwa gundi baada ya kuoka, maana joto huidhoofisha.

Tahadhari
Fimo huokwa kwa nyuzi 110 za sentigredi, dakika 30. Kwa aina nyingine, fuata maelezo ya pakiti. Usiuoke kwenye jiko la mkaa: moto wake haupimiki, na PVC ikiungua hutoa gesi inayowasha macho na kuumiza mapafu. Ukiona moshi, zima oveni, fungua madirisha, toeni watoto nje. Usitengenezee vyombo vya chakula.

Kama huna oveni yenye kipimajoto, tunakushauri ubaki na udongo wa mfinyanzi. Mama anayefinyanga chungu na mfuniko wake anaijua kazi hii tangu zamani.